Mkwe Wangu Amenifumia kwa Siri, na Mkono Wangu Umetangazwa Kupona

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Alhamisi ijayo, kwa sababu siku hiyo nitakalishwa mbele ya wagonjwa wenzangu nionyeshe ufundi ambao sina, kwa mkono ambao haujapona, juu ya sweta ambalo sehemu yake kubwa sikulifuma mimi.

Nianze mwanzo, maana nilifundisha hesabu shule ya sekondari mpaka nikastaafu na sijawahi kumpa mtu jibu bila kumwonyesha njia. Mimi ni mjane, na binti yangu aliolewa akahamia nchi ya mbali na mumewe, nami nikaja huku kukaa nao kwa muda, nimwone mjukuu wangu na nimfumie sweta, kwa sababu baridi ya huku haina adabu. Mkwe wangu ni fundi bomba, mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Tangu siku ya kujitambulisha kwetu nimemsikia akisema "Shikamoo Mama", "Chakula kitamu Mama" na "Nimeshiba Mama", basi, hadithi imeisha. Akiingia sebuleni husimama pembeni karibu na mlango mpaka aambiwe akae, na kwa hiyo, Mungu anisamehe, moyoni nilimpa jina la Kabati. Jina hilo naomba usilichapishe, au lichapishe tu, maana sijawahi kumwona akisoma gazeti.

Sasa ajali. Jengo tunaloishi lina lifti ndogo ya watu wawili, wembamba, wanaofahamiana vizuri. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kununua sufu, naye anarudi kazini na sanduku lake la vifaa, tukakutana chini mlangoni mwa lifti, akanishikia mlango.

"Karibu Mama."

Mshauri, hebu nieleze, ningeingiaje ndani ya kijisanduku kile na mkwe wangu, tubanane kama viatu dukani, mimi na heshima zangu zote?

Nikamwambia, "Tangulia tu baba, mimi napenda ngazi. Daktari alinishauri, ni mazoezi."

Hakuna daktari aliyenishauri. Nikashika ngazi na mfuko wangu wa sufu, na huko juu mtu alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kupiga deki, basi mguu ukaenda upande wake na mimi upande wangu, nikatua juu ya mkono wa kulia, nao ukapinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Kabati alisikia kishindo akashuka mbio, hakuuliza neno, akaninyanyua kama mfuko wa saruji na kuniingiza kwenye lifti, mimi, yeye na sanduku la vifaa, tukashuka wote kwenda hospitali, kwa hiyo heshima niliyoivunjia mkono sikuiokoa hata hivyo.

Mkono ukafungwa plasta, plasta ikatolewa, na kilichobaki chini yake kilikuwa kigumu kama mwiko. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mwembamba mwenye sauti ya gwaride, namwita Kamanda. Kwa kuwa lugha ya huku siijui, binti yangu ndiye mkalimani, na binti yangu hatafsiri, anahariri: mimi nikisema maneno mawili yeye anatoa hotuba, Kamanda akitoa hotuba yeye ananigeukia na kusema, "Anasema vizuri." Kamanda akauliza napenda kufanya nini kwa mikono, nikasema kufuma, akafurahi sana, akaamuru nifume kidogo kila siku, hata kama inauma, na kila Alhamisi nimpelekee kazi yangu aikague, kwani mkono unaweza kudanganya lakini uzi hauwezi. Hayo niliyaelewa baadaye, siku yenyewe niliambiwa, "Anasema vizuri."

Hapa inabidi nikueleze ufumaji kidogo, vumilia. Kila kitanzi kina hatua nne: ingiza sindano, zungusha uzi, vuta, achia. Ingiza, zungusha, vuta, achia. Mtu akizishika hizo nne, nguo zote za dunia ziko mikononi mwake. Nilizieleza hatua hizo kila alasiri pale kwenye meza ya chakula, nikimfundisha mjukuu wangu, ambaye macho yake yalikuwa kwenye katuni tangu mwanzo wa somo mpaka mwisho, na hapakuwa na mtu mwingine mezani isipokuwa Kabati, ambaye huanza kazi alfajiri na kurudi saa hizo, ameinamia sahani yake. Kwa hiyo nilifundisha ukuta, lakini mwalimu haachi kipindi kwa sababu darasa halisikii.

Basi kila siku nilifuma mstari mmoja, nikijikaza sana miwili, machozi yananilenga, nikaweka kazi kwenye kikapu kando ya kochi, nikaenda kulala kidogo. Na kila nikiamka, Mshauri, sweta limekua. Mwanzoni nilijilaumu mwenyewe. Mwalimu wa hesabu hawezi kuamini kwamba mistari inajiongeza yenyewe, ila anaweza kuamini kwamba amezeeka na amesahau, kwa hiyo nikaamini kwamba nimezeeka. Kilichonishangaza ni jinsi mistari hiyo mipya ilivyokazwa. Ya kwangu ilikuwa imelegea kama nyavu. Hii mingine imebana hadi sindano haipiti, ukiigonga na ukucha inalia. Sweta likaanza kuwa na umbo la kiwavi, hapa limevimba, hapa limekatika kiuno, hapa limevimba tena.

Nikampelekea Kamanda. Akalivuta huku, akalivuta kule, likagoma kuvutika. Akaita wenzake wawili waje waone. Akazungumza kwa muda mrefu amenishika bega.

"Anasemaje?" nikamuuliza binti yangu.

"Anasema vizuri."

"Hayo yote ni vizuri tu?"

"Mama, anasema hajawahi kuona mgonjwa anavuta uzi kwa nguvu hivi. Anasema una mkono wa mwanajeshi. Kwa kweli mama, umenishinda hata mimi!"

Tulipofika nyumbani nikalikagua lile sweta mwenyewe, kwa miwani, na katikati ya vitanzi nikakuta kipande cha utepe mweupe mwembamba, ule ambao mafundi bomba huzungushia kwenye maungio ya bomba maji yasivuje. Kimefungwa vizuri, pale pale mistari yangu inapokwisha, kama alama ya mtu asiyetaka kupotea njia. Kesho yake nikajifanya nimelala. Mlango niliuacha wazi kidogo. Nikamwona Kabati anatoka jikoni kwa kunyata, na kunyata kwake kunatikisa vikombe, akakaa kwenye kigoda cha mjukuu wangu, magoti yakiwa usawa wa masikio, sindano zimepotelea kwenye vidole vile kama njiti za kiberiti, ulimi nje, na ananong'ona: "Ingiza... zungusha... vuta... kaza... achia." Maneno yangu yale yale, sijui aliyapata wapi, isipokuwa "kaza". Mimi sijawahi kufundisha "kaza". Hilo ni lake la mabomba. Nikaziba mdomo kwa mto nisicheke, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu kicheko kikakatika ghafla, maana nilielewa kwamba Kamanda amepima mkono ambao si wangu.

Na ni kweli umepimwa. Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho. Anataka nifume mbele ya wagonjwa wapya wapate moyo, kisha anafunga faili langu na mazoezi yamekwisha. Binti yangu ameshawatangazia ndugu wote kwenye simu kwamba mama kapona, na anaulizia tiketi. Wakati huohuo kitambaa chenye maji siwezi kukikamua. Juzi nikajaribu kufungua mlango wa hapa kwa ufunguo, kwa mkono wa kulia, ufunguo ukanitazama tu, na mimi kwangu naishi peke yangu, Mshauri, na kufuli la mlango wangu ni la zamani, linataka mkono wa kulia wenye nguvu zake. Nikirudi hivi, nitakuwa mgeni nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Utasema, si useme. Nimwambie nani? Kamanda simfikii bila kupitia kwa binti yangu, na binti yangu akijua kwamba mumewe anafuma, habari itafika nyumbani kabla hajamaliza kucheka. Mwaka jana alimkuta anashona kifungo cha shati, akawasimulia mashoga zake kwenye simu wiki nzima, "Jamani, na sindano haionekani!" Tena kuna jambo lingine. Jumapili iliyopita Kabati alikuja akasimama pembeni kama kawaida yake, akakohoa, akatoa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Mama, nimesikia mkono unaendelea vizuri. Nashukuru Mungu. Nilikuwa nimeogopa sana." Na macho yake yalikuwa mekundu. Sasa mtu kama huyo unaanzaje kumwambia kwamba wema wake unanilemaza?

Nimefikiria kusema sweta limepotea kwenye basi. Nimefikiria kufunga bendeji mkono wa kushoto, nisingizie kwamba nao umeumia. Nilifikiria hata kuifumua mistari yake yote nianze upya, nikajaribu mmoja, haukufumuka. Kazi ya fundi bomba haivuji wala haifumuki. Mwenyewe siku hizi ameanza mazoezi, hapandi lifti kabisa, anapanda ngazi na sanduku lake zito mpaka ghorofani, naona anapunguza tumbo, na nisingependa kumvunja moyo wakati anajitahidi hivyo. Nifanyeje nimlinde mkwe wangu bila kupoteza mkono wangu?

Ni mimi, Mwalimu Mstaafu, ugenini.

MSHAURI ANAJIBU:

Mwalimu, shikamoo kwanza, halafu uniruhusu nikugombeze.

Pole kwa mkono, na pole kwa kukaa mbali na mlango wako mwenyewe. Pole hizo ni za dhati. Lakini umeandika barua ndefu, umeonyesha njia yote hatua kwa hatua kama ulivyoahidi, na chini umeweka jibu ambalo ningekuwa mwanafunzi wako ungelichora mkasi mwekundu. Unauliza utamlindaje mkwe. Mkwe wako ni mzima, anabeba sanduku la chuma ghorofa hadi ghorofa. Anayehitaji kulindwa ni mkono wako, na mpaka sasa haujapata mtetezi hata mmoja ndani ya nyumba hiyo, wewe ukiwa wa kwanza kuukana. Kamanda amekuwa akimtibu fundi bomba, na amemkuta ana afya njema kabisa. Wewe hajakuona bado.

Sasa tusahihishe mahesabu. Unasema hujui maneno yako aliyapata wapi. Mwalimu mzima! Ulikuwa unafundisha mezani kila alasiri, mtoto anatazama katuni, na mtu mmoja ameinamia sahani. Ulidhani unafundisha ukuta, kumbe darasani alikuwemo mwanafunzi mmoja, msikivu kuliko wote uliowahi kuwa nao, aliyeshika hatua zote nne bila daftari na akaongeza ya tano kwa akili yake. Hakuuliza swali kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi.

Na lile tumbo. Mama yangu, hapunguzi tumbo. Alikushikia mlango wa lifti, ukakataa kuingia kwa sababu yake, ukaenda kuvunjika kwenye ngazi, na tangu siku hiyo lifti amekuachia wewe. Mtu huyo anaamini ni yeye aliyekuvunja. Ndiyo maana aliogopa, ndiyo maana macho mekundu, ndiyo maana anakaa kwenye kigoda cha mtoto na kukufumia mkono mzima, kitanzi kwa kitanzi, akiukaza usivuje tena. Wewe ulimwona akifuma ukacheka kwenye mto. Ulikuwa na haki ya kucheka. Lakini ukishacheka unatoka chumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo alasiri usilale. Mwache aanze, kisha nenda ukakae kwenye kochi, karibu naye, useme, "Baba, nionyeshe ulipofika." Ataangusha sindano, mpe muda azitafute. Usimpe mhadhara. Chukua ufunguo wa mlango, ujaribu kuuzungusha mbele ya macho yake, aone mwenyewe unavyogoma, kwa sababu fundi haamini maneno, anaamini kilichoziba. Halafu umwambie wazi kwamba hakukuangusha. Kwamba hakuna daktari aliyewahi kukushauri ngazi. Kwamba ulikuwa unaona haya, basi. Neno hilo moja litamtua mzigo mzito kuliko sanduku lake. Na ukimaliza, mwondolee hiyo "kaza", maana kuna mtoto atakayetakiwa kupitisha kichwa kwenye sweta hilo.

Alhamisi mwache binti yako aende zake kazini. Mkalimani wako awe Kabati. Mhariri unaye tayari na umeona alikokufikisha. Sasa unahitaji mtu mwenye maneno machache, anayetoa hayo hayo aliyopewa. Mwende mapema, kabla wagonjwa wengine hawajaingia. Umwekee Kamanda sweta mezani kama lilivyo, na ukiwavi wake wote, na mkwe wako aelekeze kwa kidole: huu uliolegea ni wa Mama, huu uliobana ni wangu. Sentensi hiyo ataiweza. Kamanda akikasirika, atakasirika dakika mbili, kisha atatazama ile mistari iliyolegea na kuanza kazi yake, ambayo ni mkono wako. Usikubali kutoka pale bila Alhamisi nyingine. Tiketi isubiri, utaondoka siku ufunguo utakapozunguka.

Usilifumue sweta. Kiwiliwili kimekwisha, kibaki na vibonde na vilima vyake. Zimebaki sehemu za mikono: mmoja ufume wewe, mwingine afume yeye, na mtu asiguse kazi ya mwenzake hata kwa huruma. Wa kwako ndio utakaompelekea Kamanda kila wiki. Utachelewa, utapinda, na mjukuu wako atauvaa hivyo hivyo.

Binti yako atacheka. Mwache acheke, ni haki yake pia, ila akianza kutafuta simu awasimulie mashoga zake, mpe sindano na uzi mikononi afume mstari mmoja mbele ya mumewe. Simu itarudi mezani yenyewe.

Jina la Kabati nimelichapisha, kwa ruhusa yako. Ulisema hasomi magazeti. Ulisema pia hasikilizi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo litakalokusumbua kuliko yote. Alhamisi mkiwa mnatoka nyumbani, atakubonyezea lifti, atakushikia mlango, kisha atageuka kuelekea ngazini. Usimwache. Mwambie, "Ingia baba, tutaenea." Mtabanana, ndiyo. Ni ghorofa chache tu, na heshima yako itafika chini ikiwa nzima. Ukiona kimya kinazidi humo ndani, mweleze kitu chochote. Amezoea kukusikiliza.